Mume wangu mwili mzima unawaka, lakini anatetemeka kwa baridi

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Makambako, nauza mitumba. Nakuandikia kuhusu mume wangu, fundi seremala mwenye miaka 38.

Kwa kama miaka sita amekuwa na mabaka kwenye viwiko na magoti, mazito, yenye magamba meupe yanayong'aa kama ya samaki. Kichwani nako yapo, sisi tukawa tunasema ni mba. Dawa za fangasi tumepaka za kila aina, hazikusaidia. Kucha zake zina vitundu vidogo vidogo kama zimedonolewa kwa sindano, na asubuhi vidole humkakamaa mpaka ashike randa muda kidogo ndipo vinalegea. Marehemu baba yake naye alikuwa na mabaka hayo hayo. Lakini mume wangu hakuwahi kulala kitandani kwa sababu ya ngozi. Alikuwa anajikuna na kazi inaendelea.

Mwezi wa tano mabaka yakaenea mgongoni. Kwenye duka moja la dawa tukauziwa vidonge vidogo vyeupe, vimetiwa kwenye bahasha ya kaki, ameze sita kila asubuhi. Akachomwa na sindano mbili, wiki mbalimbali. Daktari, tuliona muujiza. Wiki ya kwanza haijaisha, ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto. Akameza wiki nne. Vilipoisha hatukununua tena kwa sababu tuliona amepona.

Siku ya tisa tangu aache, kifua kikaanza kuwasha. Ikashuka tumboni, ikapanda usoni, na sasa ni siku ya tano hakuna mahali palipobaki. Yeye ni mweusi, kwa hiyo hakuwa mwekundu; amekuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Ukimgusa ana moto, lakini mwenyewe anatetemeka. Baridi ya huku mwezi wa saba unaijua. Nimemfunika mablanketi matatu, na usiku namwekea jiko la mkaa chumbani. Kila asubuhi nikikung'uta shuka nafagia magamba yanajaa kizoleo. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Jana hakula.

Mama mkwe anasema mwanawe amerogwa. Majirani wananong'ona kwamba ni ule ugonjwa. Tumemwogesha maji ya mwarobaini na chumvi, akalia, mwanaume mzima. Muuza duka anatuambia turudie vidonge vile vile, safari hii mara mbili. Vimebaki sita kwenye bahasha.

Ni ugonjwa gani huu? Turudie vidonge? Unaambukiza? Binti yetu Upendo, miaka minne, bibi yake amemchukua akisema ataambukizwa na baba yake. Nimrudishe au nimwache huko?

Mama Upendo, Makambako

*

Marahaba, Mama Upendo.

Wasomaji wajue kwamba barua yako ilinifikia jioni, na nilipofika pale unaposema anatetemeka huku mwili una moto, niliiweka chini nikapiga ile namba uliyoandika. Nilikuomba utoe jiko la mkaa chumbani saa hiyo hiyo, umfunike, utafute gari usiku ule ule, na bahasha ya kaki uibebe mkononi. Ulifanya yote. Naandika haya kwa ruhusa yako, naye akiwa siku ya sita wodini. Najua ziko nyumba nyingine zenye bahasha kama hiyo.

Nianze na jiko, kwa sababu lingeweza kuwaua wote wawili kabla ya ngozi. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na mtu husinzia asiamke. Mgonjwa wa namna hii anahitaji joto kweli, ila lipatikane kwa mablanketi, soksi, kofia na chai ya moto.

Sasa ugonjwa. Hali aliyonayo inaitwa erithrodema. Tunaiita hivyo ngozi inapowaka karibu mwili mzima, asilimia 90 na zaidi. Kupima si kazi ngumu: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yake, kwa hiyo unahesabu viganja. Uliposema hakuna mahali palipobaki, hesabu ilikuwa imeisha. Ila erithrodema ni mahali ambapo magonjwa kadhaa huweza kumfikisha mtu, na matibabu hutegemea amefikishwa na lipi.

Mumeo amefikishwa na soriasisi. Mimi sijamgusa, lakini barua yako ilikuwa na historia ambayo madaktari wengi hutamani kuipata. Mabaka mazito ya viwikoni na magotini kwa miaka sita, magamba yanayong'aa, kichwa, vitundu vya kucha, vidole vinavyokakamaa asubuhi, baba mzazi aliyekuwa vile vile. Ngozi yetu hujibadilisha taratibu, chembe mpya inachukua kama mwezi mmoja kupanda kutoka chini mpaka juu na kupukutika. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili inaichochea ngozi kana kwamba kuna kidonda cha kuponya, na safari ile ya mwezi inakwisha kwa siku chache. Chembe zinafika juu zikiwa hazijakomaa, zinarundikana, ndiyo hayo magamba. Dawa ya fangasi haina cha kufanya hapo kwa sababu hakuna fangasi. Na vile vidole vya asubuhi usiviache nyuma, soriasisi huingia pia kwenye viungo. Waambie wodini wavitazame.

Umeniambia kwamba usiku ule mapokezi waliandika "mzio wa dawa". Siwalaumu. Ngozi ikishawaka yote, soriasisi, pumu ya ngozi, mzio mkali wa dawa, upele wa magamba mazito na hata aina fulani ya saratani ya ngozi hufanana sana. Vitabu navyo vinatufundisha kutafuta "wekundu", kisha tunaletewa mgonjwa mweusi ambaye hana wekundu wowote, ana zambarau au kijivu, au amekuwa mweusi zaidi ya alivyokuwa. Nimeona wagonjwa wakirudishwa nyumbani na mafuta ya kupaka kwa sababu hiyo. Kwa ngozi zetu tumia mkono: gusa ulinganishe joto, angalia magamba, bonyeza miguu, muulize kama anasikia baridi.

Kilichogeuza mambo ni ile bahasha. Tabibu alivigeuza vile vidonge sita kwenye mwanga, akavitambua kuwa ni prednisoloni, akauliza ameacha lini. Baada ya hapo vipimo vikafuata njia. Walikwangua magamba wakayatazama kwenye hadubini, hakukuwa na fangasi wala wadudu wa upele. Wakachukua damu: wingi wa damu, figo, ini, chumvi za mwili, protini, sukari, homa ya ini, Virusi vya Ukimwi. Wakampiga picha ya kifua. Wakakata kinyama kidogo cha ngozi. Ulikuwa na wasiwasi kwamba majibu ya kinyama hayajarudi. Usikose usingizi kwa hilo. Ngozi ikiwa imewaka hivi, kinyama mara nyingine hakisemi jambo la wazi na hulazimu kukirudia baadaye. Historia yake na zile kucha zina uzito mkubwa.

Kuhusu kipimo cha Virusi vya Ukimwi, nyamazisha minong'ono moyoni mwako kwa ukweli huu. Soriasisi si dalili ya Ukimwi. Watu wengi mno wenye soriasisi hawana virusi. Lakini mwenye virusi anaweza kupata soriasisi kali kuliko kawaida, na akianza dawa za kufubaza virusi ngozi nayo hupata nafuu, kwa hiyo kila mgonjwa wa hali hii hupimwa. Majibu ni yake na yako. Majirani hayawahusu.

Sasa vidonge. Nitakaa hapa, maana hapa ndipo nilipoumia nikisoma.

Prednisoloni ni steroidi, yaani dawa inayotuliza kinga ya mwili. Sindano zile sijaziona, lakini ngozi ya soriasisi inayolainika ndani ya wiki kwa sindano ya dukani, mara nyingi ni steroidi nyingine. Hizi ni dawa njema mahali pake, zimeokoa wenye pumu wengi. Kwenye soriasisi zinafanya kitu cha hatari: zinauzima moto kwa haraka, na ukiziondoa ghafla unarudi mkubwa kuliko ule wa kwanza. Hiyo ni moja ya sababu zinazojulikana zaidi za soriasisi ya kawaida kugeuka erithrodema. Muujiza mliouona mwezi wa tano ndio uliozaa zambarau ya mwezi wa saba. Nyinyi hamkukosea kumtafutia nafuu. Aliyewauzia bila cheti na bila kuwaambia lolote ndiye aliyewakosea, na kuwaambia mrudie mara mbili ni kukosea tena.

Hata hivyo, kuna jambo kwa msomaji ambaye usiku huu bado anameza vidonge hivyo kwa wiki kadhaa: usisome hapa ukavitupa. Mwili ukilishwa steroidi kwa muda mrefu, tezi zinazotengeneza steroidi ya asili hulala. Ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka vibaya. Nenda kwa daktari apunguze dozi hatua kwa hatua huku akikupa dawa sahihi ya ngozi. Ndiyo maana Mama Upendo nilikusisitiza uwaambie idadi ya wiki na idadi ya sindano, ili walitazame na hilo.

Krimu zenye steroidi kali nazo zinaweza kufanya hivyo hivyo zikipakwa mwili mzima kwa miezi kisha zikaachwa. Nyingi zinauzwa sokoni kama za kung'arisha. Wako wagonjwa ambao hawajui kama waliwahi kutumia steroidi, wanajua walitumia mkorogo. Mambo mengine yanayowasha moto huu ni maambukizi, ulevi, kuungua na jua, na baadhi ya dawa kama lithiamu, ile ya magonjwa ya akili, na dawa za malaria za jamii ya klorokwini. Kwa hiyo mwenye soriasisi amtajie daktari soriasisi yake kila anapoandikiwa dawa mpya.

Uliniuliza kwa simu kwa nini ugonjwa wa ngozi umemlaza mtu kwenye dripu. Ngozi ndiyo inayotuzuilia maji, joto na protini. Ya mumeo imefunguka. Damu nyingi imekimbilia juu ya ngozi, ndiyo maana ukimgusa ana moto, na joto hilo linapotelea hewani, ndiyo maana yeye anasikia baridi. Maji yanatoka mchana na usiku bila jasho kuonekana. Yale magamba uliyokuwa unayafagia ni protini ya mwili wake, na protini ikipungua kwenye damu miguu huvimba. Moyo unasukuma kwa nguvu kulisha ngozi yote hiyo, na ukichoka nao huongeza uvimbe. Vijidudu vinapata mlango kila mahali. Watu hufa kwa hali hii, kwa maambukizi ya damu, kwa nimonia, kwa moyo. Nakuambia wazi kwa sababu umeshamfikisha mahali pa usalama.

Kwa hiyo usishangae kwamba siku za kwanza kazi kubwa wodini ilikuwa ya kawaida kabisa: kumpa joto, kupima maji anayokunywa na mkojo anaotoa, na kumpaka mafuta. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mengi, mara tatu nne kwa siku, mwili ukiwa bado na unyevu wa maji ya uvuguvugu. Umeniambia muuguzi alikufundisha kulowesha shuka jepesi maji ya uvuguvugu, kulikamua, kumfunga juu ya mafuta na kufunika kavu juu yake. Ni njia ya zamani na inapunguza muwasho vizuri. Mwarobaini na chumvi basi. Kwenye ngozi iliyofunguka ni kumchoma tu. Lami ya ngozi ambayo wengine huitumia kwenye mabaka ya kawaida, sasa hivi haifai, na jua la kumwanika halifai.

Mpelekee chakula chenye protini hata akila vijiko vitano vitano: mayai, maharage, dagaa, maziwa, uji wenye karanga.

Dawa ya kuutuliza ugonjwa wenyewe imeanza, umenisomea jina kwenye kopo: siklosporini. Wamechagua vizuri. Ni ya haraka kuliko nyingine za vidonge, nafuu huanza kuonekana katika wiki chache, na hupunguza ile hasira ya kinga ya mwili. Hupandisha presha na kuchosha figo, kwa hiyo kupimwa presha na damu kila wanaposema ni sehemu ya dawa. Haitakuwa dawa yake ya miaka yote.

Baadaye wanaweza kumhamishia kwenye methotreksati. Hiyo ni dawa ya muda mrefu, bei yake nafuu, na inasaidia hata vidole. Shika neno moja, Mama Upendo, hata ukisahau mengine yote: methotreksati humezwa mara moja kwa WIKI. Akiimeza kila siku inaua uboho unaotengeneza damu, na watu wamekufa kwa kosa hilo. Chagueni siku, tuseme Jumatatu, andika JUMATATU kwa kalamu nene juu ya kopo, na kopo ulishike wewe. Asidi ya foliki atapewa ameze siku nyingine ili kupunguza madhara. Akiugua mafua au kuhara, asipewe kotrimoksazoli, ile wengi mnaiita Septrin. Zikikutana na methotreksati hudhuru damu vibaya. Kama mnataka kumpatia Upendo mdogo wake, mwambieni daktari kabla dawa hii haijaanza. Kwa mwanamke mjamzito hairuhusiwi kabisa.

Na ulanzi. Hukuandika, ulinitajia kwa sauti ya chini kwenye simu. Pombe huchochea soriasisi, na ikikaa pamoja na methotreksati ini ndilo linaloumia. Kaa naye mzungumze akiwa ametulia, na ikibidi mwombe daktari amwambie mbele yako. Wanaume wengi husikia zaidi wakiambiwa na daktari.

Mtasikia pia habari za sindano za kibayolojia, zile zinazozuia sehemu maalumu tu ya kinga ya mwili. Zipo, nyingine hufanya kazi vizuri hata kwenye erithrodema, lakini bei yake ni ya kuuza shamba, na lazima kifua kikuu kichunguzwe kwanza. Msiuze shamba. Hizi za vidonge hazijashindwa.

Mumeo atapona? Huu moto utazimika. Ngozi itarudi, pengine yenye madoa meusi kwa miezi, nywele na kucha zikidondoka huota tena. Soriasisi yenyewe itabaki naye, itakuwa inakuja na kuondoka, ikihitaji kliniki kama presha inavyohitaji kliniki. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba soriasisi ni ugonjwa sugu, usioambukiza, unaoumiza na kulemaza. Azimio hilo halijafika kwenye maduka yetu ya dawa, lakini wataalamu wapo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha tangu 1992, na waliosomea pale wanafanya kazi mikoani. Kabla hajaruhusiwa, uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu nanyi ni ya siku gani, na usiondoke bila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Mama mkwe usigombane naye. Ni mama anayeogopa, na alishamwona mumewe na mabaka hayo hayo bila mtu yeyote kumweleza ni nini. Mweleze kwamba hii asili hutembea kwenye ukoo, haikutumwa na mtu. Si kila mtoto huirithi. Upendo akiota mabaka siku moja mtayajua mapema. Mwombe aje wodini saa ya kuona wagonjwa, ampake mwanawe mafuta mgongoni kwa mikono yake, kama nesi atakavyomwonyesha.

Na Upendo mrudishe. Soriasisi haiambukizi, kwa kugusana, kwa sahani, kwa shuka, kwa kulala pamoja, kwa lolote. Upele wa wadudu ndio ungeambukiza, na hadubini imeshasema haupo. Wodini watoto hawaruhusiwi, kwa hiyo asubiri baba atoke. Atakapofika nyumbani ngozi yake itakuwa laini na yenye kuuma, mwambie binti amkalie mapajani polepole.

Usiku wa jana uliniandikia kwamba ameomba ugali na amevua kofia. Endelea na mafuta. Akipata homa, akichanganyikiwa, akihema kwa shida au mkojo ukipungua, mwite nesi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na wamechoka.

Daktari wako